Nyapara na Paini ya Cheptais

Kosa langu la kwanza kwa miti ya paini lilikuwa kuiosha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimechimba miche minne kando ya machimbo ya mawe nje ya Kitale, na nilipoitoa kwenye gunia nikaona mizizi yake imeshikwa na nyuzi nyeupe, kama ukungu wa mkate uliosahauliwa kabatini. Nilishtuka. Nilikuwa nimesoma kwenye kompyuta ya kazini kwamba ukungu unaua bonsai, yaani miti inayopindwa na kukuzwa mifupi ndani ya chungu. Nikachukua beseni, nikatia maji na dawa ya kutoa madoa nguoni, nikaisugua mizizi mmoja mmoja kwa mswaki mpaka ikang'aa. Nilijisifu sana siku hiyo. Yote minne ilikauka.

Aliyeniambia nilichofanya ni mama mmoja ambaye sisi sote wa kundi letu la bonsai tulimwita Nyapara. Aliuokota mche mmoja kati ya ile iliyokufa, akaunusa, akaniuliza, "Hii umeipikia nini?"

Nikamweleza. Hakucheka.

"Huo weupe ndio unaoilisha," alisema. "Wewe kijana umemkatia mtoto maziwa, halafu unashangaa amekonda."

Kitaluni alikokuwa akifanya kazi, aliniambia, walipofungua vitanda vipya walibeba udongo kwa karai kutoka chini ya paini kuukuu na kuuchanganya na ule mpya. Wasipofanya hivyo, miche ilisimama tu, njano, haikui wala haifi, mpaka siku moja inakufa. Kila kibarua wa kitalu alilijua jambo hilo, hata asiyejua kuandika jina lake. Mimi niliyekuwa na faili nzima ya kurasa nilizochapisha ndiye niliyekuwa sijui.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kitalu cha msitu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mwishowe akiwa nyapara wa wanawake waliohamishia miche kwenye vifuko. Kila asubuhi alipita kati ya vitanda akang'oa mche wowote uliopinda. Wenye shingo iliyokunjika, wenye vichwa viwili, wote walitupwa, kwa sababu msitu ule ulipandwa kwa ajili ya mbao na mbao haitoki kwenye mti uliojikunja. Alipostaafu akaanza kuwatafuta waliopinda. "Nimewafukuza shule miaka yote hiyo," alipenda kusema. "Wacha sasa niwafungulie yao."

Nitaandika ninayoyakumbuka juu yake kadiri yanavyokuja, lakini niseme mapema kilichokuwa kati yetu. Macho yake yalikuwa yanazimika. Alikuwa na mti mmoja aliotaka kumwachia mtu kabla hayajazimika kabisa, na mtu huyo nilikuwa mimi. Hakutaka kingine chochote kwangu isipokuwa nikubali.

Tulikuwa watu wanne. Mbali na Nyapara na mimi, palikuwa na Karani, mtu mnene wa mahakamani Bungoma, ambaye daktari alimshauri aipe mikono yake kazi nyingine badala ya kushika glasi. Na palikuwa na Mwalimu, aliyefundisha jiografia Kitale na ambaye angeweza kukaa nasi kutwa nzima asiseme maneno kumi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikutana uani kwa Nyapara, Kitale. Mwezi uliofuata tulikutana kwa Karani, Bungoma. Kila mmoja alibeba mti mmoja. Waya ya kupindia matawi tuliitoa kwenye mota zilizoungua, vyungu vilikuwa makarai yaliyotobolewa na sufuria zilizokatwa katikati, na mahali tulipopinda tawi nene tulifunga kwanza vipande vya tyubu ya baiskeli ili gome lisipasuke.

Mimi nilikuja na rula na kipimapembe. Nilikuwa nimesoma kwamba tawi la kwanza linafaa kuanza theluthi moja ya urefu wa shina, nami nilipima mara tatu kabla ya kugusa kitu. Nyapara alivumilia mikutano miwili. Mkutano wa tatu aliniomba rula, nikadhani hatimaye ameona faida yake, naye akaiingiza nyuma ya kola ya gauni lake akajikunia mgongo.

"Inafanya kazi," alisema, akanirudishia.

Karani alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Profesa, sasa hiyo ndiyo imepata kazi. Na hiyo waya yako, bana, unafunga tawi ama unatia pingu?"

"Pingu unazijua wewe wa kotini," nilimjibu.

"Nazijua. Ndiyo maana nakwambia. Hata mwizi wa kuku hafungwi hivyo."

"Nyinyi wawili," Nyapara alisema bila kuinua kichwa, "mkono ukicheka tawi linavunjika." Na kweli, tawi langu likavunjika. Alikuja akalishika, akaling'oa kabisa, akalitupa nyuma ya bega lake kama ganda la ndizi. Nililitazama lilipoangukia kwa muda mrefu. Nilikuwa nimelipangia miaka minne.

Hakuwa mpole, ingawa watu wanapenda kuwakumbuka wazee kama wapole. Aliitukana miti. Jumapili aliimba kwaya kanisani, sauti ya pili, na alipofika nyumbani, kabla hata hajavua kitambaa cha kichwa, alikuwa akiiambia paini moja kwamba ni mvivu, kwamba ina matako mazito, kwamba mwaka huu isipotoa mishumaa ataifanya kuni. Mishumaa ndilo jina tulilolipa lile chipukizi refu la paini linalosimama wima kabla sindano hazijafunguka. Paini ikitoa mishumaa ina nguvu. Isipotoa, kuna jambo. Nyapara aliihesabu kwa vidole, akiigusa ncha kwa ncha, na alikuwa akiigusa hivyo muda mrefu kabla hatujajua kwamba hakuwa akiiona.

Na huyu aliyependa kila kilichopinda alikuwa na shamba la mboga lililonyooka kupita yote niliyowahi kuona. Sukuma wiki zake zilipandwa kwa kamba. Mche ukitoka nje ya mstari aliung'oa. Siku moja nilimuuliza kwa nini, nikiwa na hakika kwamba nimeligundua jambo kubwa.

"Sukuma ni ya kula," alisema. "Uache maswali ya redio."

Kuchimba miti kulikuwa kwenda naye porini, na kwenda naye porini kulikuwa kurudi mikono mitupu. Alikuwa na kibali cha askari wa msitu, karatasi aliyoikunja mara nane na kuiweka ndani ya Biblia. Tulipanda asubuhi mpaka penye miamba, mahali ambapo mbegu za paini za shamba la msitu zilikuwa zimepeperuka na kuota kwenye nyufa, na mbuzi wakazila vichwa mwaka baada ya mwaka mpaka zikawa fupi na nene. Tukiipata moja, Nyapara alikaa chini kando yake. Alikula muwa. Alitikisa shina kidogo. Baada ya saa nzima aliinuka akapangusa gauni, akasema, "Huyu anataka kukaa."

"Ati anataka kukaa!" Karani alilalamika safari moja, jembe begani. "Mama, tumetoka mbali hivi kubeba upepo?"

"Mizizi yake yote iko ndani ya jiwe. Ukimtoa utabeba shina. Shina ziko nyingi kwa muuza kuni, nenda ukanunue."

Hata mti aliokubali hakuuchimba siku hiyo. Alikata mfereji nusu duara upande mmoja, akaujaza udongo mwororo ili mizizi mipya iote humo, tukaondoka. Mwaka uliofuata alikata nusu ya pili. Mwaka wa tatu ndipo tuliporudi na magunia. Karani hakuweza kungoja. Alirudi peke yake wiki ya pili akachimba paini aliyoipenda, akaipanda Bungoma kwenye karai jekundu, na sisi tukaisindikiza Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka ikafa. Nyapara hakumsuta hata neno. Alimwomba karai.

Paini ya Cheptais ilitoka hivyo, kwa miaka mitatu. Iliota juu ya mji, kwenye mwamba, nayo haikufika hata gotini, lakini shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wa mwanamume. Upande mmoja ulikuwa umekufa zamani, mti umebaki mweupe kama mfupa, na upande wa pili gome hai lilipanda likijisokota. Nyapara aliibeba mwenyewe kushuka. Aliifunga mgongoni kwa leso, mizizi ndani ya gunia lililoloweshwa, na watu wa sokoni Cheptais wakamwuliza mtoto ana umri gani.

"Kama mimi," aliwajibu. "Tena ana meno zaidi."

Baada ya hapo hatukurudi. Ilikuja miaka ambayo watu wa huko walikuwa wakikimbia mapigano na vitanda vyao vichwani, na hakuna aliyeongea tena juu ya kwenda kutafuta miti.

Nilikuwa na daftari. Naona haya kulitaja, lakini bila daftari hutanielewa. Kila mti wa kundi letu ulikuwa na ukurasa wake, na kwenye ukurasa niliandika kasoro. Ya Cheptais ilikuwa na kasoro kumi na moja. Mzizi mmoja ulivuka mwingine. Matawi mawili yalitoka usawa mmoja, moja kila upande, jambo ambalo kurasa zangu zote zilikataza. Siku moja Nyapara aliniambia nimsomee. Nilisoma zote kumi na moja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nitajie kitu kimoja unachokipenda."

Nilitazama mti ule. Nilijua nakipenda kitu, tena kwa nguvu, lakini nilitaka kusema kile kilicho sahihi, si chochote tu kinachokuja mdomoni. Nikamwambia nitafikiria nimwambie mwezi ujao. Alitikisa kichwa. Mwezi uliofuata tulikuwa Bungoma, palikuwa na kelele, sikusema.

Mara ya kwanza aliniomba niuchukue tulikuwa tunakunywa chai jikoni kwake. Alisema tu, kama mtu anayekupa mboga za kwenda nazo nyumbani, "Ule wa Cheptais beba uende nao."

"Mama, bado sijui vizuri. Nipe mwaka mmoja."

"Haya."

Mara ya pili alikuwa ametoka kliniki ya macho. Walimwambia ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone itachelewesha lakini haitarudisha. Sasa aliona katikati tu, alisema, kama kuchungulia kwenye tundu la kufuli. Nikamwambia angoje nijifunze kwanza kubadilisha udongo wa paini kubwa bila kuiumiza. Sikuwa nadanganya. Nilirudi nyumbani nikachapisha kurasa arobaini.

Mara ya tatu hakuomba. Aliuliza.

"Unangoja nini hasa?"

"Nangoja siku ambayo sitaweza kuuharibu."

Akanigeuzia uso, akanitafuta kwa ule upenyo wake mdogo. "Mimi nimeua zaidi ya unayoweza kuhesabu. Na wewe utaua. Sasa unataka nimpe nani, Karani?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Hakuwa akicheka.

Ningependa kusema nilikuwa na sababu. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati kabla sijazaliwa, na mwanzo wa mwaka ule wa fujo baada ya uchaguzi tulikaa wiki kadhaa katika uwanja wa kanisa pamoja na majirani, magodoro chini ya turubai. Nyapara alikuja kutuona akiongozwa na mwanakwaya mwenzake, akiwa na chupa ya chai na habari za paini. Ilikuwa imetoa mishumaa saba. Aliniambia habari hiyo mbele ya watu waliokuwa wamechomewa nyumba, nami nikaona aibu kwa ajili yake, na baadaye nikaona aibu kwa ajili yangu, maana ilikuwa habari njema pekee niliyosikia mwezi huo. Lakini sababu hiyo haitoshi. Tulirudi nyumbani salama. Ua wetu ulikuwa palepale. Ningeuchukua mti Februari. Ningeuchukua Machi.

Mwaka huohuo binti yake alikuja kumhamishia Bungoma, kwa kuwa hakuweza tena kupika bila kujiunguza. Miti mingine aliipanda kwenye ua wa Kitale, ardhini, bila waya. Wa Cheptais alikwenda nao. Karani alikuwa amehamishiwa mahakama ya mbali, Mwalimu akaacha kuja, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikawa Jumamosi kama nyingine.

Nilimwendea baada ya mwaka na miezi. Nilikuwa nimejenga kibanda cha kivuli, nimeweka meza ya mbao, nimebadilisha udongo wa paini nane mfululizo na hakuna hata moja iliyokufa. Nilikuwa tayari. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno: Mama, nimekuja kuuchukua.

Binti yake alinipokea mlangoni. "Karibu. Utampata nje na mti wake. Huo mti, sisi sote tunauangalia. Mimi nikiamka nauwekea maji, bwana yangu akitoka kazini anauwekea, hata msichana wa kazi. Hatutaki ahangaike."

Nyapara alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mti ukiwa juu ya stuli mbele yake. Alinitambua kwa hatua.

"Profesa. Umechelewa chai."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapa. Unajua tangu zamani simwagilii maji kabla ya kutia kidole," alisema, na akakiingiza udongoni mpaka kiungo cha pili. "Nakitia kila siku. Siku hizi udongo haukauki. Bungoma hii inanyesha sana."

Ulikuwa mwezi wa pili, katikati ya kiangazi. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye viatu vyangu.

Niliutazama mti. Paini haifi kama mboga, haianguki, hainyauki. Sindano hubaki laini zimeshika tawi, na mtu akizigusa ataapa uko hai, kwa wiki nyingi. Kinachoondoka kwanza ni rangi. Kijani kinapoteza kitu, kinakuwa kama nguo iliyoanikwa juani mara nyingi, chenye kijivu ndani yake. Ni macho tu yanayoweza kuliona jambo hilo. Niliinama nikakwaruza gome kwa ukucha, chini, upande ambao mkono wake haukufika. Ndani, ambapo mti hai huwa kijani, palikuwa kahawia. Udongo ulinuka kama kisima kilichofunikwa.

"Mama," nikasema, "nimekuja kuuchukua."

Akainua kidole cha onyo, kile chenye udongo.

"Lakini leo usinisomee daftari."

"Sisomi."

"Hata moja."

"Hata moja, mama."

Akaupapasa mara ya mwisho kutoka chini hadi juu, akipita kwenye ule upande mweupe uliokufa zamani, kwenye gome lililojisokota, kwenye yale matawi mawili ya usawa mmoja. Aligusa ncha za sindano zote, akihesabu kwa midomo. "Haijatoa mishumaa," alisema. "Ni mvivu. Kwako utatoa. Wewe una wasiwasi, na mti unapenda mtu wa wasiwasi." Akavua leso mabegani akanipa niufungie. Uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo baada ya kupanda mlima. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nilifikiria kumwambia. Nilifikiri sentensi nzima, nikaisahihisha, nikaifikiri tena, na nilipokuwa bado naisahihisha binti alileta chai.

Nilikwenda nao. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Kufikia Aprili ulikuwa wa rangi ya kutu, na sindano zikaanza kuanguka mezani.

Kila Jumapili baada ya kanisa Nyapara hunibipu kwa simu ya binti yake, nami nampigia. Haulizi habari zangu. Anauliza mishumaa mingapi. Mwanzoni nilisema miwili. Kisha nikasema mitano, kwa sababu miwili ni michache kwa paini yenye afya na angeanza kunifundisha. Aliitukana kwa furaha mpaka binti akamwambia salio la watu linaisha.

Sasa haoni kabisa. Kundi letu halikutani tena. Daftari nimeacha kuliandika, kwa sababu mti pekee ninaoutazama kila siku umekufa, na mtu ambaye ningemwambia ukweli wake ndiye ninayemdanganya. Wiki iliyopita nilimwambia ni tisa.